Jogoo Anayebaki Uani: Uchaguzi wa Mbegu Safi ya Kuku wa Kuchi
Mada iliyowasilishwa mbele ya mkutano wa wafugaji na wakazi wa kata



Kila ufikapo mwezi wa Desemba, na kila inapokaribia Sikukuu ya Idi, wachuuzi wa kuku hupita vijijini na matenga yao juu ya baiskeli na pikipiki. Mchuuzi hanunui kwa mizani. Hununua kwa jicho na kwa mkono: humshika jogoo miguu, humwinua mara mbili, humpapasa kifua, na yule aliye mzito kuliko wenzake ndiye anayeingia katika tenga. Jioni hiyo mama wa nyumba huwa amepata fedha ya sare za shule, na hakuna mwenye haki ya kumlaumu. Lakini uani amebaki jogoo ambaye mchuuzi hakumtaka, na huyo ndiye atakayekuwa baba wa vifaranga wote wa mwaka unaofuata.

Jambo hili likirudiwa kwa miaka ishirini huwa ni uchaguzi kamili wa mbegu, ila umeelekezwa nyuma. Wazee wa Kanda ya Kati husema kwamba kuku wa zamani walikuwa wakubwa kuliko hawa wa leo. Lawama kwa kawaida huangukia ukame, uhaba wa chakula au mdondo, na sababu hizo zina ukweli wake. Tenga la mchuuzi halitajwi. Hali kaya ndiyo inayoamua ni kuku yupi aingie humo, na kwa hiyo ndiyo yenye uwezo wa kuligeuza jambo hili bila kusubiri mradi wala mfadhili.

Mada hii inamhusu kuku wa Kuchi, kwa kuwa ndiye anayetafutwa zaidi na wanunuzi wa kuku wakubwa, na ndiye anayezidi kupotea katika mchanganyiko. Wafugaji wanamtambua kwa mbali: mwili uliosimama, shingo na miguu mirefu, mdomo mfupi uliopinda, upanga mdogo uliolala kichwani, na manyoya machache yaliyobana mwili. Jogoo mzima wa Kuchi hufika kilo mbili na nusu au kupita. Mtetea hukaribia mbili. Wataalamu wa vinasaba wamemhusisha na kuku wa kupigana wa bara la Asia, jambo lisiloshangaza kwa nchi yenye mwambao uliopokea majahazi kwa karne nyingi.

Mbegu safi maana yake ni nini? Ni kundi la kuku ambalo likizaliana lenyewe kwa lenyewe, watoto hufanana na wazazi. Rangi nzuri haitoshi, wala ukubwa wa jogoo mmoja aliyenunuliwa kwa bei ya juu. Kipimo ni watoto.

Kazi hiyo haihitaji maabara. Kuku mwekundu ajulikanaye duniani kama Rhode Island Red alitengenezwa na wakulima wa kawaida wa Little Compton na vijiji jirani huko Marekani, kuanzia katikati ya karne ya 19. Waliwapandisha mitetea wao wa shambani kwa majogoo wekundu wa aina ya Malay waliofika na meli kutoka Asia, kisha wakaendelea kubakiza wekundu na wazito na kuwala waliobaki. Chama cha wafugaji wa kuku cha nchi hiyo, kilichoundwa mwaka 1873 na kutoa kitabu chake cha kwanza cha vigezo mwaka 1874, kilimtambua kuku huyo kuwa mbegu kamili mwaka 1904. Ilichukua kama miaka hamsini. Mwaka 1925 alijengewa mnara katika kijiji cha Adamsville, heshima ambayo viongozi wengi hawajaipata.

Lakini historia yake ina onyo. Waliomfuga kwa ajili ya maonyesho waliendelea kutafuta wekundu uliokolea, na waliomfuga kwa ajili ya mayai wakatafuta mayai. Leo ni kama kuku wawili wenye jina moja, na yule wa maonyesho, pamoja na uzuri wake, hutaga kidogo kuliko mwenzake. Kundi hufuata kile ambacho mfugaji anakipima. Kwa sababu hiyo kigezo cha kaya kiwekwe kwa mpangilio: kwanza uhai na afya, pili uzito katika umri unaojulikana, tatu utagaji na malezi ya vifaranga, nne umbo la Kuchi, na rangi iwe ya mwisho kabisa.

Maneno "katika umri unaojulikana" ndiyo yenye kazi kubwa. Jogoo wa miezi saba akilinganishwa na wa miezi mitano ataonekana bora, kumbe ametangulia kuzaliwa tu. Daftari la shule la kurasa arobaini linatosha: tarehe ya kuanguliwa, mama ni nani, baba ni nani, na uzito wa kila kifaranga anapofikisha wiki 8 na wiki 16. Kifaranga hufungwa uzi wa rangi mguuni, rangi moja kwa kila mama. Uzi huo lazima ulegezwe kila wiki mbili, kwa maana mguu hukua na uzi haukui. Wapo kuku waliolemaa kwa sababu hiyo. Wanapofika wiki 16 mizani ya saluni au ya dukani huazimwa, na hapo ndipo uamuzi hufanyika: majogoo wawili walio wazito kuliko ndugu zao, wenye miguu iliyonyooka na macho maangavu, hawauzwi. Watakaofuata wanaweza kwenda na mchuuzi. Bei ya jogoo wa tatu hupungua kidogo kuliko ya wa kwanza, na tofauti hiyo ndiyo gharama yote ya mpango huu kwa mwaka.

Kuhusu utagaji, jogoo hatagi, lakini hubeba damu ya utagaji. Mtetea wa asili anayejitafutia chakula hutaga mayai kati ya 40 na 60 kwa mwaka, na Kuchi si hodari katika jambo hilo. Jogoo wa kubakizwa, ikiwa uzito unakaribiana, awe yule ambaye mama yake alitaga zaidi na akalea vifaranga wengi hadi wakajitegemea.

Kosa lingine hutokea wakati wa kubadilisha jogoo. Mtetea huhifadhi mbegu za kiume mwilini mwake, na anaweza kuendelea kutaga mayai yenye vifaranga wa jogoo wa zamani kwa wiki mbili na hata zaidi. Kaya iliyoleta jogoo mpya Jumatatu na kuweka mayai ya Ijumaa chini ya mtetea anayeatamia itamsifu jogoo mpya kwa watoto wa mwenzake. Jogoo wa zamani aondolewe, zipite wiki tatu, mayai ya kipindi hicho yaliwe. Ndipo ya kuangulia yaanze kukusanywa, na yasikae zaidi ya siku saba hadi kumi kabla ya kuwekwa.

Ipo pia mitego ya urithi uliofichika. Upanga mdogo uliolala hutawala ule uliosimama wenye meno. Kwa hiyo jogoo na mtetea wote wawili wenye upanga wa Kuchi wanaweza kupata kifaranga mwenye upanga wa meno, na jogoo wa jirani asisingiziwe haraka: maana yake ni kwamba wazazi wote wawili wamebeba damu ya mchanganyiko bila kuionyesha. Wazazi hao waandikwe, na ikiwezekana wasirudiwe. Kwa kaya zinazopenda kishingo, siri iko mbele ya shingo. Mwenye kishungi kidogo cha manyoya hapo amerithi hali hiyo kwa mzazi mmoja. Aliye mtupu kabisa ameirithi kwa wote wawili. Wenye kishungi wakipandishwa wao kwa wao, takriban robo ya vifaranga watakuwa na shingo ya kawaida. Watupu kwa watupu hawakosei. Ama kuku wa miguu mifupi mno, wanaotembea kama wanaotambaa, hao hawawezi kuwa mbegu safi hata mfugaji akijitahidi maisha yake yote, kwani wakipandishwa wenyewe kwa wenyewe robo ya vifaranga hufia ndani ya yai.

Sasa kuna ugumu ambao kaya moja haiwezi kuutatua. Jogoo bora akibakizwa, mwaka unaofuata atawapanda binti zake. Kwa jogoo mmoja na mitetea kumi waliofungwa katika ua mmoja, undugu wa damu huongezeka kwa karibu asilimia 14 katika kila kizazi. Dalili zake zinajulikana: mayai mengi hayaanguliwi, vifaranga hufa bila ugonjwa, na wanaopona hudumaa. Wafugaji wengi wanapofika hapo hukata tamaa na kununua jogoo yeyote gulioni, na kazi ya miaka mitatu huisha kwa siku moja.

Dawa yake ni ujirani. Kaya nne, kila moja na jogoo wake na mitetea kumi, zikijiona kuwa kundi moja, ongezeko hilo hushuka hadi asilimia 3 na kidogo. Utaratibu ni huu: mitetea hawahami kamwe. Kila mwaka, baada ya kupima uzito, kaya ya kwanza hutoa jogoo wake kijana aliye bora kwa kaya ya pili, ya pili kwa ya tatu, ya tatu kwa ya nne, na ya nne kwa ya kwanza. Hakuna anayelipa, kwa sababu kila aliyetoa amepokea. Kinachotakiwa ni uaminifu wa kumtoa wa kwanza na si wa tatu, na hapo daftari husaidia kuliko kiapo.

Kuku chotara, kama Sasso kutoka Ufaransa na Kuroiler kutoka India, wana nafasi yao kwa mwenye chakula cha kutosha na soko la haraka. Ila watoto wao hawashiki sifa za wazazi, na jogoo mmoja wa aina hiyo akizurura mtaani huvuruga kaya zote nne. Anayewafuga awafungie. Hili ni ombi la ujirani, na mabaraza ya vijiji yanaweza kulizungumza.

Mwisho ni mdondo. Ugonjwa huu hauchagui jogoo aliyeandikwa daftarini na asiyeandikwa. Ukipita katika ua usiochanjwa, wiki moja hutosha kufuta kila kitu. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa hapa nchini na kustahimili joto kuliko chanjo za kawaida, hutolewa tone moja katika jicho la kila kuku, kila baada ya miezi mitatu. Kichupa kimoja huhudumia kuku wengi kuliko walio katika kaya moja, kwa hiyo kaya nne zilizokubaliana kubadilishana majogoo zinaweza pia kuchangia kichupa na kuchanja siku moja. Afisa Mifugo wa Kata huonyesha namna ya kuchanja na kutunza chanjo, na kaya zinazotaka kuanza kikundi cha namna hii zifike ofisini kwake na majina ya wakuu wa kaya, idadi ya mitetea, na daftari jipya, kabla wachuuzi wa Desemba hawajaanza kupita.