Mtoto Amekwama na Fizikia: Mzazi Asiyesoma Somo Hilo Bado Anaweza Kusaidia

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wazazi, walimu, wanafunzi wa sekondari na wanafunzi wa vyuo vya ufundi vya kaunti.



Kila jioni, mahali fulani katika kaunti hii, kuna mwanafunzi aliyeketi na daftari la fizikia na swali moja limemkwamisha. Mwalimu ameshakwenda nyumbani. Mwenzake anayelimudu somo anaishi mbali. Mzazi yupo, lakini akiitwa anasema, "Mambo hayo mimi sikuyasoma." Basi mwanafunzi anabaki na njia mbili za mkato. Ya kwanza ni kunakili jibu la mwenzake asubuhi kabla ya kengele. Ya pili ni kuliandika swali kwenye simu na kungoja programu ya akili unde ilete jibu. Kwa njia zote mbili ukurasa utajaa, na huenda mwalimu akatia alama ya vyema. Lakini wiki ijayo swali lilelile likirudi na namba nyingine, mwanafunzi atakwama palepale.

Mazungumzo haya yanahusu njia ya tatu, ambayo ni kuomba msaada vizuri na kuutoa vizuri. Katika njia hiyo hata mzazi ambaye hakuingia darasa la fizikia ana kazi ya kufanya, tena kazi kubwa.

Wapo watakaouliza jambo hili linaihusu kaunti vipi. Ni kweli kwamba kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, shule za sekondari na vyuo vikuu viko chini ya serikali ya kitaifa. Lakini Jedwali hilohilo limezipa kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na maktaba. Na watoto ni walewale. Anayehangaika na swali la umeme katika kidato cha tatu ndiye atakayejiunga na chuo cha ufundi, na ndiye atakayeitwa kuweka stima katika nyumba za wakazi wa kaunti hii.

Swali lililochekwa

Katika Afrika Mashariki kuna mfano mzuri wa mwanafunzi aliyetafuta msaada. Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Tanganyika. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakayaacha yapoe, kisha wakayaweka kwenye friza. Siku moja Mpemba aliona nafasi kwenye friza inaisha, akayaweka maziwa yake yakiwa bado moto. Baadaye alikuta yake yameganda kabla ya yale ya mwenzake aliyeyaweka bila kuyachemsha.

Alimwuliza mwalimu sababu, akaambiwa kwamba amechanganyikiwa. Alipofika Shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na darasa likamcheka. Kisha Dkt. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, akaizuru shule hiyo. Mpemba alisimama akamwuliza hivi: mtu akichukua vyombo viwili vinavyofanana vyenye maji ya kiasi sawa, kimoja kikiwa na nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, akaviweka vyote kwenye friza, kile cha nyuzi 100 huganda kwanza, ni kwa nini?

Wenzake walicheka tena. Osborne hakucheka. Aliporudi chuoni jaribio lilifanywa, na matokeo yakakubaliana na maneno ya kijana yule. Mwaka 1969 wawili hao waliandika makala pamoja katika jarida la Physics Education. Tangu hapo jambo hilo limejulikana duniani kwa jina la Mpemba, na wanasayansi hadi leo wanabishana kuhusu sababu zake na hali ambamo hutokea.

Wanafunzi wanapaswa kulitazama vizuri swali lile. Mpemba hakusema, "Mwalimu, sielewi barafu." Alieleza vyombo, kiasi cha maji, nyuzi za joto, kilichofanyika na kilichoonekana, kisha akauliza jambo moja tu. Mwanafunzi anayesema, "Mwalimu, fizikia ni ngumu," hajampa mwalimu mahali pa kuanzia. Lakini anayesema, "Nimebadilisha kilomita kwa saa kuwa mita kwa sekunde, nimepata 20, ila sijui nitumie fomula gani kwa sababu sikupewa muda," atasaidiwa kwa dakika mbili.

Na walimu nao wana la kujifunza. Wale waliomcheka Mpemba hawakukosa elimu. Walichokosa ni subira ya kulijaribu swali kabla ya kulikataa. Mtoto akichekwa mara mbili, mara ya tatu hatauliza. Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo, lakini anayenyimwa nafasi ya kuuliza naye pia halipati.

Maswali manne ya mzazi

Mwaka 1945, mwanahisabati George Pólya alichapisha kitabu kiitwacho How to Solve It, kuhusu namna ya kutatua maswali. Aliigawa kazi hiyo katika hatua nne: kulielewa swali, kupanga njia, kuifuata njia hiyo, na kurudi nyuma kulikagua jibu. Hatua hizo zinaweza kugeuzwa kuwa maswali manne ambayo mzazi yeyote anaweza kumwuliza mtoto. Swali linataka nini? Umepewa nini? Umejaribu nini na umekwama wapi? Na jibu hilo linaingia akilini?

Mfano ni huu. Swali linasema kwamba bodaboda inakwenda kwa kasi ya kilomita 72 kwa saa. Breki zake zinapunguza kasi kwa mita 5 kwa sekunde, kila sekunde. Itasimama baada ya kwenda umbali gani? Kijana amekwama, na mamake anapepeta mchele karibu naye.

"Wanataka nini?" mama anauliza.

"Umbali, mama. Kutoka inapofunga breki hadi inaposimama."

"Umepewa nini?"

"Kasi ya mwanzo na nguvu ya breki. Na kasi ya mwisho ni sufuri, kwa kuwa inasimama."

"Umefanya nini?"

"Nimezidisha 72 kwa 72, nikagawanya kwa 10, kwa sababu fomula inataka breki mara mbili. Nimepata mita 518."

"Mita 518 ni kutoka hapa mpaka wapi, mwanangu?"

"Labda mpaka sokoni."

"Bodaboda ifunge breki hapa mlangoni, ikasimame sokoni?"

Hapo kijana anaona mwenyewe kwamba kuna kosa. Anarudi kwenye swali na kugundua kwamba breki zimepimwa kwa mita na sekunde, lakini kasi ameiacha katika kilomita na saa. Kilomita 72 kwa saa ni mita 20 kwa sekunde. Ishirini mara ishirini ni 400. 400 kugawanywa kwa 10 ni mita 40. Jibu hilo linaingia akilini.

Mama huyo hakutaja fomula hata moja. Alichotumia ni ujuzi wa mtu aliyepanda bodaboda maisha yake yote. Na kwa kuwa mtoto amelipata jibu mwenyewe, anaweza kwenda mbele. Akiweka kilomita 36 kwa saa, yaani nusu ya kasi ile, atapata mita 10 tu. Kasi ikizidi mara mbili, umbali wa kusimama unazidi mara nne. Tena hapo haijahesabiwa sekunde moja ambayo mwendeshaji huitumia kabla mkono haujashika breki. Katika sekunde hiyo, bodaboda ya kilomita 72 kwa saa imeshakwenda mita 20 zaidi. Kijana aliyeifanya hesabu hii kwa akili yake atafikiri mara mbili siku atakapoendesha mbele ya lango la shule.

Lugha ya swali

Kuna kikwazo kingine kisichotajwa sana. Somo la fizikia hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na kwa watoto wengi hiyo ni lugha ya pili au ya tatu. Mara nyingi mtoto hajashindwa na fizikia. Ameshindwa na sentensi. Dawa yake ni rahisi. Kabla ya kushika kalamu, alieleze swali lote kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, kama anayesimulia habari. Pale simulizi inapokatika ndipo alipokwama.

Hata hivyo, lugha ya kila siku ina mitego yake. Neno "nguvu" hutumika kwa mambo ambayo fizikia huyatenganisha. Kani ni kule kusukuma au kuvuta, na hupimwa kwa niutoni. Nishati hupimwa kwa juli. Kiwango cha kutumia nishati kwa kila sekunde hupimwa kwa wati. Vivyo hivyo, watu husema "uzito" wakimaanisha kilo, ilhali katika fizikia kilo hupima tungamo, na uzito wenyewe ni kani. Na "joto" si sawa na "halijoto": sufuria ya maji yanayochemka na kikombe cha maji yanayochemka vina halijoto moja, lakini sufuria ina joto jingi zaidi.

Hapa pia mzazi ana mchango, kwa maana ndiye anayenunua tokeni za stima. Yuniti moja ya stima ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Birika la wati 2,000 likiwaka nusu saa humaliza yuniti moja. Mtoto akiambiwa apige hesabu ya stima ya nyumbani, ataitofautisha nishati na wati bila kukariri.

Jibu la kunakili lina gharama

Katika mtihani wa KCSE, fizikia ina karatasi tatu, na ya tatu ni ya vitendo. Katika maswali ya hesabu, alama hutolewa kwa hatua pia, si kwa jibu la mwisho peke yake. Aliyezoea kunakili hana hatua za kuonyesha. Lakini gharama kubwa zaidi huja baada ya shule.

Mwanafunzi wa umeme katika chuo cha ufundi anapewa swali hili: birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 zimechomekwa kwenye ekstensheni moja ya ampea 13, stima ni volti 240. Je, ni salama? Jumla ni wati 3,200, na zikigawanywa kwa 240 zinatoa ampea 13.3. Ekstensheni imezidiwa. Nyaya zitapata joto, na joto hilo huongezeka kwa kasi kuliko ampea zenyewe. Aliyenakili ameandika 13.3 na kufunga daftari. Akiajiriwa kuweka nyaya katika nyumba, atachaguaje waya unaofaa? Wenye nyumba watalala wakiamini kwamba kazi imefanywa na fundi aliyesoma.

Vilevile kwa wanaojenga. Tangi la lita 10,000 likijaa, maji pekee ni tani 10. Likisimama juu ya miguu minne iliyopangwa sawasawa, kila mguu unabeba tani mbili na nusu. Sufuri moja ikipotea katika hesabu, mnara utajengwa wa kubeba tani moja, na watoto watachota maji chini yake.

Kila mtu na sehemu yake

Simu si adui. Mwanafunzi aliyejaribu kwanza anaweza kuiomba imweleze hatua moja, au imwonyeshe kosa lake liko wapi. Ila akumbuke kwamba programu hizo nazo hukosea, tena kwa lugha ya kujiamini, kwa hivyo jibu la simu likaguliwe kama lile la bodaboda na soko. Na ndani ya chumba cha mtihani simu haingii.

Wazazi wanaombwa kutenga nusu saa jioni, pamoja na taa na meza, na kuuliza yale maswali manne. Wanaombwa pia kutowapa wasichana ushauri tofauti na wavulana. Katika nyumba nyingine mvulana akikwama huambiwa ajaribu tena, na msichana huambiwa achague somo jepesi. Swali ni lilelile, na akili ya kulitatua wote wanayo.

Walimu wanaombwa kuipokea kazi ya ziada ambayo haijakamilika, mradi mwanafunzi ameandika alichojaribu na alipokwama. Ukurasa wa aina hiyo unamwonyesha mwalimu pa kufundisha kesho kuliko majibu kumi sahihi yaliyonakiliwa.

Wakufunzi wa vyuo vya ufundi na mafundi wa mitaani wanaombwa kuwafungulia milango wanafunzi wa sekondari walio jirani. Mtoto aliyeshika mita ya umeme na kuona volti kwa macho yake hatahitaji kukariri sana.

Na ninyi vijana, mkikwama andikeni mlichopewa, mlichofanya na mlipofika, kisha muulize bila haya. Mkichekwa, ulizeni tena.

Wakazi wenye maoni kuhusu msaada wa masomo katika maktaba na vyuo vya ufundi wanakaribishwa kuyawasilisha katika ofisi za wadi zao.