Kuhamisha Makabati ya Seva: Fundi Arudi Nyumbani Salama Kwanza

Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa kwa wakazi, mafundi, vibarua na wasimamizi wa shule, zahanati na vyama vya akiba na mikopo kuhusu usalama katika kufunga na kuhamisha mitambo ya kompyuta.



Mkazi anapolipia kibali cha biashara kwa simu, au mgonjwa anapofika hospitalini na rekodi zake zikapatikana kwenye kompyuta, kuna mashine mahali fulani inayofanya kazi hiyo. Mashine hiyo huitwa seva. Haionekani na wananchi, na wengi hawajui iko katika chumba gani. Lakini siku inapohamishwa kutoka jengo moja hadi jingine, kila mtu aliye kwenye foleni hupata habari zake kwa maneno manne: "Hakuna mtandao, rudi kesho."

Nyuma ya maneno hayo kuna watu wanaoinua vyuma vizito. Mazungumzo haya ni juu ya watu hao, na juu ya haraka ambayo mara nyingi ndiyo inayowaumiza.

Uzito wa kabati

Seva hazipangwi mezani kama kompyuta za ofisi. Hufungwa ndani ya kabati refu la chuma, moja juu ya nyingine. Vifaa hivyo hutengenezwa kwa upana mmoja wa inchi 19, ili kifaa cha kampuni yoyote kiingie katika kabati lolote. Kimo hupimwa kwa nafasi, na kila nafasi ni inchi 1.75. Kabati la kawaida lina nafasi 42. Likisimama, hufika karibu mita 2 kwenda juu, huku upana wake ukiwa sentimita 60 hivi na kina chake karibu mita 1.

Chukua mfano wa kabati lenye uzito wa kilo 130 likiwa tupu. Likitiwa seva 20 za kilo 25 kila moja, jumla ni kilo 630. Hayo ni magunia 7 ya mahindi ya kilo 90, yakiwa yamesimamishwa mahali padogo kuliko meza ya kulia chakula. Mkulima anajua gunia moja linavyoweza kuumiza mgongo. Magunia 7 yakimwangukia mtu kwa pamoja, hakuna haja ya kueleza zaidi.

Hata hivyo, uzito peke yake hauliangushi kabati. Linaloliangusha ni mpangilio. Seva nyingi hukaa juu ya reli za kutelezea, na fundi huivuta mbele kama droo anapotaka kuitengeneza. Aliyewahi kufungua droo zote za juu za kabati la nguo kwa wakati mmoja anajua kinachofuata: kabati huinama mbele. Kabati la seva hufanya vivyo hivyo, ila hili halizuiliki kwa bega.

Kwa hiyo kanuni za kwanza ni hizi. Vifaa vizito zaidi, hasa vile vya betri, hukaa chini kabisa. Wakati wa kujaza, fundi huanza chini akipanda juu. Wakati wa kuondoa, huanza juu akishuka chini. Kabla ya kifaa chochote kuvutwa nje, miguu ya kabati iwe imeshushwa mpaka ikae imara sakafuni, na vizuizi vya kulifanya lisiiname viwe vimefungwa. Na kifaa kimoja tu ndicho huvutwa kwa wakati mmoja. Cha pili kisiguswe kabla cha kwanza hakijarudishwa ndani au kutolewa kabisa.

Kuinua na kusukuma

Seva huinuliwa na watu wawili, na ile nzito zaidi na watatu au kwa mashine ya kuinulia. Kifaa kikiwa kinawekwa juu ya usawa wa kifua, mashine ni bora kuliko misuli, maana mtu aliyenyoosha mikono hana nguvu ya kukizuia kikiteleza. Magoti ndiyo yapinde, si mgongo. Mmoja awe msemaji, na wengine wafuate sauti yake. Viatu viwe vigumu. Si siku ya malapa.

Kabati lenyewe likihamishwa kutoka jengo moja hadi jingine, njia salama ni kutoa vifaa vyote kwanza. Baadhi ya makabati yametengenezwa kusafirishwa yakiwa na mzigo wake, lakini hilo lifanywe tu pale mtengenezaji amesema hivyo kwa maandishi. Magurudumu madogo yaliyo chini ni ya kulisogeza kidogo chumbani, kwenye sakafu laini. Si ya kupita kokoto, mteremko au kizingiti cha mlango.

Likisogezwa, lisukumwe kwa upande wa kina chake, mbele au nyuma. Lisisukumwe kwa ubavu, kwa sababu ubavuni ndiko msingi ulipo mwembamba. Asiwepo mtu upande wa chini wa mteremko. Na jambo ambalo kila kibarua anapaswa kuambiwa kabla ya kazi kuanza ni hili: kabati likianza kuanguka, usilizuie. Ruka pembeni na uliache lianguke. Chuma hununuliwa tena.

Njia nayo ikaguliwe siku moja kabla. Mlango una upana gani? Lifti inabeba kilo ngapi? Ngazi zina kona? Sakafu ya ghorofa ya juu katika jengo la zamani inaweza kubeba uzito huo? Swali la mwisho ni la mhandisi wa majengo, si la fundi wa kompyuta. Maswali haya huchukua saa moja yakiulizwa mapema. Yakiulizwa kabati likiwa katikati ya ngazi, hayana jibu zuri.

Umeme usioonekana

Hatari ya pili ni umeme. Seva nyingi huwa na nyaya mbili za umeme, ili moja ikikatika nyingine iendelee. Hiyo ina maana kwamba kuchomoa waya mmoja hakujaizima mashine. Fundi huizima kwanza kupitia programu yake, akangoja mpaka isimame kabisa, ndipo akachomoa nyaya zote. Diski zinazozunguka zikikatiwa umeme ghafla au kutikiswa zikiwa bado zinazunguka, zinaweza kuharibika pamoja na yaliyomo.

Kifaa cha kuhifadhi umeme kwa muda, ambacho mafundi hukiita UPS, ni hatari zaidi. Hata kikichomolewa ukutani, betri zake bado zina nguvu. Spana au pete ya chuma ikigusa ncha mbili za betri kwa pamoja, hutoa cheche na joto la kuunguza vibaya. Saa, pete na mikufu ivuliwe. Betri zitolewe na kubebwa peke yake, ncha zake zikiwa zimefunikwa.

Kule kabati linakokwenda, soketi na waya wa ardhi vikaguliwe kabla halijafika. Umeme wa kawaida wa Kenya ni volti 240, na kabati lililojaa halichomekwi kwenye kebo ya kurefusha iliyonunuliwa dukani. Kazi ya kufunga nyaya za jengo ni ya fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia kawi na petroli. Mtu anayejua kompyuta si lazima awe anajua nyaya za ukutani. Karibu na chumba hicho kuwe na kizima moto cha hewa ya kaboni dioksidi, si ndoo ya maji.

Taarifa za wananchi

Diski iliyo ndani ya seva inaweza kubeba majina, nambari za vitambulisho na rekodi za matibabu za maelfu ya watu, nayo huingia katika mfuko wa koti. Kwa hiyo kabla ya kuhamisha, nakala ya taarifa zote huwekwa mahali pengine na kujaribiwa kama inafunguka. Nakala isiyojaribiwa ni matumaini tu. Kila diski huandikwa nambari ya mashine yake na nafasi yake, kila waya hutiwa lebo pande zote mbili, na picha hupigwa kabla ya chochote kuguswa. Orodha ya vifaa hutiwa sahihi vinapotoka na vinapofika.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haisamehei uzembe. Taarifa za watu zikifikiwa na asiyeruhusiwa, na kukawa na hatari ya kweli ya wenyewe kudhurika, anayezishikilia anatakiwa kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72 tangu kujua.

Haki ya anayebeba

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inahusu kila mahali ambapo mtu yupo kazini, kwa kudumu au kwa muda. Kijana aliyeitwa asubuhi kusaidia kubeba na kulipwa jioni yumo ndani ya sheria hiyo. Hapaswi kubebeshwa mzigo mzito kiasi cha kuweza kumuumiza. Akiona hatari, ana wajibu wa kumweleza msimamizi wake mara moja, na halazimishwi kurudi mahali penye hatari kubwa iliyo wazi. Mwajiri naye anatakiwa kuripoti ajali kwa afisa wa usalama na afya kazini wa eneo hilo. Ajali ikitokea, nambari za dharura ni 999 na 112.

Nafasi ya mkazi

Sasa mtu wa foleni anaingia wapi? Anaingia kwenye haraka. Kazi ya namna hii mara nyingi hupangwa wikendi, na mafundi huambiwa huduma irudi kabla ya Jumatatu asubuhi. Ikifika Jumapili usiku na kazi haijaisha, watu wamechoka, ndipo seva mbili huvutwa pamoja na miguu ya kabati kusahauliwa. Mwenda pole hajikwai, lakini hawezi kwenda pole mtu anayepigiwa simu kila dakika kumi.

Dawa yake iko pande mbili. Ofisi inayohamisha mitambo itangaze mapema siku na saa ambazo huduma itasimama, iongeze muda wa akiba, na iandae fomu za karatasi, hasa hospitalini, ili mgonjwa asirudishwe. Mkazi naye, akishatangaziwa, alipie kibali chake mapema na avumilie saa hizo. Tangazo lisipotolewa, ana haki ya kuuliza kwa nini. Likitolewa na kazi ikachelewa kidogo, akumbuke kwamba pengine kuna fundi aliyesema, "Tusimame, hapa si salama."

Wakuu wa shule zenye maabara za kompyuta na wasimamizi wa vyama vya akiba wanashauriwa waanze na jambo moja wiki hii: waende kwenye chumba cha mitambo, waangalie kama miguu ya kabati imeshushwa na kama kifaa cha betri kiko chini. Ni ukaguzi wa dakika tano, na hauhitaji fundi.