Saa ya Tanga na Saa ya London
(Hotuba ya karani mmoja mbele ya wazee na walimu, Muheza)

Mmeniomba niwaeleze habari za kukaa kwangu London miezi kumi kwa ajili ya masomo ya hesabu za ofisi. Sitawaeleza ukubwa wa majumba wala wingi wa magari, maana hayo mmekwisha kuyasikia. Nitawaeleza habari za saa moja tu iliyonipotea, na fedha zenu zilizotaka kupotea pamoja nayo.

Mimi si mtu wa kwanza kutoka huku kwetu kwenda Uingereza. Hugh Peter Kayamba, mtu wa Bonde, alisoma Bloxham katika miaka ya 1880. Mwanawe, Martin Kayamba, aliyepata kuwa karani mkuu wa Serikali katika mji wa Tanga, alikwenda London mwaka 1931 pamoja na Chifu Makwaia wa Usukuma na Francis Lwamgira wa Bukoba, kutoa ushahidi mbele ya Kamati ya Bunge juu ya shauri la kuunganisha nchi za Afrika ya Mashariki. Mwaka 1932 kilitoka kitabu chake, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Basi hao walitangulia wakatuandikia njia. Lakini hata njia iliyoandikwa, kila mtu huikanyaga kwa mguu wake mwenyewe.

Mwajua ya kuwa nauli yangu na ada yangu zilitoka mikononi mwenu. Huyu aliuza machungwa, yule aliuza nazi, na mjomba wangu aliuza ng'ombe. Mama yangu hakuwa na kitu cha kuuza, akanipa saa ya mkono ya marehemu baba. Nalifika mwanzo wa Novemba nimeivaa.

Juma la kwanza mwalimu aliniambia kwa Kiingereza nije kwake saa nane mchana, ambayo wao huiita saa mbili. Nalisikia neno "mbili", na kichwa changu kikalitafsiri kwa desturi ya kwetu. Nikaenda saa mbili asubuhi, nikaketi juu ya benchi katika baridi muda wa saa sita, nikisema moyoni kwamba watu hawa hawana adabu. Kumbe mkosaji nalikuwa mimi.

Hata mwezi wa Desemba nikaona ajabu nyingine. Sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza, na hesabu yetu haitudanganyi, maana Tanga iko karibu na mstari wa katikati ya dunia, na mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. London iko mbali upande wa kaskazini, na kwa kuwa dunia imeinama katika mzunguko wake, tarehe 21 Desemba jua huchomoza huko saa mbili na kuchwa kabla ya saa kumi. Mchana wote haufikii saa nane. Mwenzangu mmoja, Mwislamu wa Pangani, alikuwa akitoka darasa la alasiri na kukuta Magharibi imekwisha ingia. Lakini mwezi wa Juni mchana hupita saa kumi na sita, na watoto hulazwa jua lingali linawaka.

Jambo lililonitaabisha kuliko baridi ni ukimya. Kwetu mtu hapiti mlangoni pa jirani pasipo kuuliza hali. Kule nalisalimu watu njiani, wengine wakaitikia kwa kichwa, wengine wakanitazama tu. Nikakasirika, nikaacha kusalimu. Bibi mwenye nyumba aliniambia, "Lo lote usilolijua, niulize." Nikamjibu ya kuwa najua yote, kwa kuogopa kuitwa mshamba. Mzee mmoja aliyekaa chumba cha pili alinikaribisha chai mara mbili. Nikasema nina kazi. Na ninyi huku mlipata barua zangu, kila moja yasema, "Mimi ni mzima sana, masomo yaendelea vyema." Haikuwa kweli.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1916, wakati wa vita, Bunge la Uingereza lilitoa sheria ya kusogeza saa mbele wakati wa kiangazi, ili watu wautumie mwanga wa jua na kupunguza matumizi ya makaa. Desturi hiyo ingaliko. Jumapili ya mwisho ya Machi saa zote husogezwa mbele kwa saa moja, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba hurudishwa. Mimi nalifika zilipokuwa zimekwisha kurudishwa, kwa hiyo sikujua neno.

Jumatatu iliyofuata Jumapili ile ya Machi ilikuwa siku ya mtihani wetu wa saa mbili, kuanzia saa tatu asubuhi. Jumapili kutwa nalijifungia chumbani nikisoma, sikusema na mtu. Asubuhi nikafika mlangoni, saa ya baba yaonyesha saa tatu kasorobo. Nikawakuta wenzangu wameinama juu ya karatasi. Saa ya ukutani ilikuwa saa nne kasorobo. Msimamizi aliniruhusu kuingia, lakini hakuniongezea hata dakika moja. Nikashindwa kwa alama chache, nikaambiwa nirudie mwezi wa Juni, na kurudia kuna ada yake.

Nilipokuwa nikipanda ngazi, yule mzee aliuona uso wangu, akaniuliza. Nikamweleza. Akasema, "Ungalipiga hodi jana, ningalikuambia." Neno hilo lilinichoma kuliko kushindwa kwenyewe.

Siku tatu sikupata usingizi. Siku ya nne nikamwandikia mjomba kweli yote. Alijibu kwa mistari miwili: "Tulikupeleka ukajue hesabu. Sasa umekwisha jua saa, hesabu yasalia. Ndama nimemwuza." Wazee wangu, nalilia. Tangu siku ile kila Jumapili nalikwenda kunywa chai kwa yule mzee, naye alikuwa amepata kuwa karani wa hesabu miaka mingi. Akanionyesha jinsi ya kupanga kurasa zangu. Mwezi wa Juni nikafaulu.

Saa hii ya baba haikukosa hata siku moja. Aliyekosa ni mwenye kuivaa. Basi walimu, mkimwandaa kijana kwenda ugenini, mfundisheni kuuliza kabla ya kumfundisha kufunga tai. Nanyi wazazi, barua za mtoto zikisema kila mara kwamba ni mzima sana, mwandikieni tena mkamwulize. Na wewe kijana, kumbuka ya kuwa mgeni asiyepiga hodi amejifungia mlango yeye mwenyewe. Mjomba wangu ameketi pale nyuma. Ndama wake nimekwisha kumlipa. Shukrani ningali nikiendelea kumlipa.