Johannesburg: Ustawi wa jamii hujengwa kwa uaminifu

Msikilizaji, kazi ya ustawi wa jamii haifunzwi kwa vitabu pekee. Mshauri asiyejua kusikiliza, hata awe na shahada, humwacha mwenye shida na shida yake.

Mwaka 1941 ilifunguliwa mjini Johannesburg Shule ya Jan Hofmeyr, ya kwanza nchini Afrika Kusini kuwafundisha Waafrika kazi hiyo. Humo walipita Joshua Nkomo wa Zimbabwe na Eduardo Mondlane wa Msumbiji, aliyechaguliwa kuwa rais wa kwanza wa FRELIMO jijini Dar es Salaam mwaka 1962.

Winnie Madikizela alihitimu mwaka 1955. Alipata nafasi ya kusoma Marekani, lakini akachagua hospitali ya Baragwanath, Soweto. Uchunguzi wake juu ya vifo vya watoto wachanga huko Alexandra ulimfunulia ukali wa umaskini.

Hapo pana fundisho. Mama hamwelezi mgeni kwamba nyumbani hakuna chakula kabla ya kumwamini. Imani hiyo haiamriwi. Hujengwa kwa heshima, subira na kutunza siri. Ndiyo maana mwanafunzi hupelekwa kwa wananchi chini ya msimamizi mzoefu. Msimamizi akimdharau, naye hujifunza kudharau. Akimsikiliza, hujifunza kusikiliza.

Waswahili husema mtu ni watu. Wazulu nao wana msemo wa maana hiyo hiyo, na mafunzo ya mshauri huanzia hapo.