Kuuzuliwa kwa Khalid bin Walid

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mmiliki wa enzi na nguvu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, leo tumekusudia kuzungumza juu ya ulinzi wa dola na wale wanaokabidhiwa upanga wake. Watu wengi hudhani kuwa jambo hili ni la majemadari na watawala peke yao, wala halimhusu mama aliyeketi nyumbani au mwanafunzi aliyeshika kitabu chake. Lakini jeshi ni watoto wa watu. Likiongozwa vyema hulala salama mji mzima, na likiharibika huanza kuwatafuna wale wale liliowekwa kuwalinda.

Tumechagua kisa cha Khalid bin Walid (r.a.), ambaye Mtume (s.a.w.) alimwita Upanga wa Mwenyezi Mungu. Katika vita vya Muta, mwaka wa 8 Hijria, majemadari watatu waliuawa mmoja baada ya mwingine: Zaid bin Haritha, Jaafar bin Abi Talib na Abdullah bin Rawaha. Khalid akaipokea bendera, akalitoa jeshi la watu 3,000 mbele ya adui aliyewazidi mno kwa idadi, akalirudisha Madina. Wako waliowapokea kwa kuwazomea kuwa ni wakimbizi, Mtume (s.a.w.) akawatetea. Na hapa tuseme kwamba kujua wakati wa kurudi nyuma ni katika elimu ya vita, na anayeihesabu kuwa ni woga bado hajapata kubeba dhamana ya roho za watu.

Baadaye, katika mwaka wa 13 Hijria (634 Miladia), kwa amri ya Sayyidna Abubakar (r.a.), Khalid alilivusha jeshi katika jangwa lililo baina ya Iraq na Sham. Kisha ukaja ushindi wa Yarmuk, mwaka wa 15 Hijria, uliovunja nguvu za Warumi katika nchi ya Sham. Hapakuwa na kijiji kisichotaja jina lake.

Basi mtu huyu ndiye aliyeuzuliwa na Sayyidna Umar bin Al-Khattab (r.a.). Kwanza alimwondoa katika uamiri mkuu wa Sham, akamweka Abu Ubaida bin Al-Jarrah juu yake. Khalid akakubali kupigana chini ya yule aliyekuwa chini yake jana. Kisha katika mwaka wa 17 Hijria ikafika habari Madina kuwa Khalid amempa Al-Ashath bin Qais zawadi ya dirhamu 10,000. Sayyidna Umar akaandika kwamba Khalid asimamishwe mbele ya watu na aulizwe: fedha hizo zimetoka wapi? Ikiwa ni katika ngawira, hiyo ni khiyana. Na ikiwa ni katika mali yake mwenyewe, huo ni ubadhirifu. Wamepokea wanahistoria kwamba alivuliwa kilemba chake akafungwa nacho, mbele ya askari aliowaongoza, mpaka aliposema kuwa ametoa katika mali yake. Kisha akarudishiwa kilemba chake kwa heshima, lakini kazi hakurudishiwa.

Hebu tulitafakari jambo hili, kwani ni zito. Pale walikuwapo maelfu ya watu wenye silaha wanaompenda jemadari wao, na aliyewaamrisha ni mtu aliye mbali Madina, mwenye kanzu ya viraka. Lau Khalid angenyanyua mkono tu, damu ingemwagika baina ya Waislamu kwa Waislamu. Bali imepokewa kwamba mtu mmoja alimnong'oneza kuwa zama za fitina zimewadia, naye akamjibu kuwa fitina haiwezi kuja maadamu mwana wa Al-Khattab yu hai. Akawaaga watu wake, akaenda Madina kumlalamikia Umar uso kwa uso. Alilalamika, naam, wala hatusemi kuwa hakuumia.

Sisi katika bara letu la Afrika tunaijua thamani ya jibu lile. Katika nchi jirani ya Uganda, tarehe 25 Januari 1971, mkuu wa jeshi alimpindua rais wake, na nyumba ngapi zililia kwa miaka minane iliyofuata!

Na kwa nini Sayyidna Umar alimuuzulu? Aliziandikia nchi zote kuwa hakumwondoa kwa ghadhabu wala kwa khiyana, bali watu walikuwa wamefitinika naye. Akachelea wasije wakadhani kuwa ushindi unatoka kwa Khalid, hali unatoka kwa Mwenyezi Mungu. Wako wanazuoni walioona kwamba Umar alikuwa mkali mno kwake. Huenda. Lakini kiongozi aliyemsafisha mtu hadharani baada ya kumuuzulu hadharani amefanya jambo ambalo wengi hawaliwezi.

Umar huyu huyu alijizuia na nafsi yake pia. Wafursi walipokusanyika Nahawand, mwaka wa 21 Hijria, alitaka kutoka mwenyewe kuongoza vita. Akashauriana na masahaba, na Sayyidna Ali (r.a.) akamnasihi abaki, kwani akiondoka Madina nchi zilizo nyuma yake zitaasi, na akiwaondoa askari wote wa Sham, Warumi watazirudia familia zao. Akabaki, akampa uamiri Numan bin Muqarrin, aliyekufa shahidi siku ile ile ya ushindi.

Hata mlango wa nyumba ya askari hakuusahau. Alipokuwa akizunguka usiku alimsikia mwanamke akimlilia mumewe aliyepelekwa vitani. Akamwuliza binti yake, Bibi Hafsa (r.a.), mwanamke aweza kumvumilia mumewe aliye mbali kwa muda gani, kisha akaamuru askari asiwekwe mbali zaidi ya miezi minne, na katika riwaya nyingine ni sita. Enyi kina mama mnaotusikiliza, nalo hili ni katika siasa ya ulinzi.

Khalid alifariki mwaka wa 21 Hijria, juu ya kitanda chake, akisikitika kuwa mwilini mwake hamna mahali pa shibiri moja pasipo na kovu, na bado anakufa kitandani. Imepokewa kuwa wasia wake aliuacha mikononi mwa Umar. Na wanawake wa ukoo wake walipokusanyika kumlilia, watu wakataka wakatazwe, Sayyidna Umar akasema waachwe wamlilie, maadamu hawajimwagii mchanga wala hawapigi mayowe.

Tunasema maneno yetu haya, na tunamuomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi na nyinyi na Waislamu wote. Amin.