Hotuba ya Daktari Kijana kutoka Bujumbura, Siku ya Wakimbizi Duniani

 

Nimeombwa kueleza jinsi daktari mpya anavyoiona huduma ya afya ya umma.

Kuanzia mwaka 2002, wagonjwa nchini Burundi walitakiwa kulipia gharama za matibabu. Asiye na pesa alipona lakini hakuruhusiwa kutoka. Alizuiliwa wodini mpaka ndugu zake walipe, hata mama aliyejifungua kwa upasuaji. Mwezi Mei 2006 ikatangazwa kuwa kujifungua ni bure, na matibabu ya watoto wa chini ya miaka 5 pia. Watu wakafurika. Waganga hawakuongezeka siku ile, wala dawa. Tangu 2010 vituo hulipwa kulingana na huduma vilizotoa. Malipo yakichelewa, kabati la dawa hubaki tupu.

Nami nimeanza kazi katika hospitali ya umma. Mara nyingi humwandikia mama dawa kwenye karatasi, nikijua kwamba ataizungukia madukani mjini, na huenda asiipate au asiwe na bei yake.

Ndugu wa mashirika, tunaomba dawa zitangulie, matangazo yafuate. Ndugu wakazi, msimgombeze muuguzi kwa upungufu usio wake. Andikeni dawa iliyokosekana na tarehe yake, mkaikabidhi Kamati, ili madai yetu yawe na ushahidi.