Mabadiliko ya Mwili Si Uchawi

Mazungumzo ya redio kutoka Magwagwa, Nyamira
Masomo: Mwanzo 18:9-15, 1 Samweli 1:9-18, Marko 5:25-34

Tunazungumza nanyi kutoka Magwagwa, kwenye milima hii ya Nyamira inayoteremka kuelekea Mto Sondu. Neno letu la leo ni juu ya mwili wa mwanamke na mabadiliko yake. Ninyi akina baba, msizime redio mkidhani kwamba haya si yenu. Yanawahusu ninyi kwanza.

Katika kitabu cha Mwanzo tunasoma habari za Sara, mkewe Ibrahimu. Maandiko hayafichi neno. Yanatuambia waziwazi kwamba hedhi yake ilikuwa imekatika zamani. Basi ikiwa Mungu hakuona haya jambo hilo liandikwe na kusomwa mbele ya watu wote, kwa nini sisi tulinong'one kana kwamba ni dhambi?

Na tujifunze kidogo. Ndani ya mwili kuna tezi mbalimbali, na tezi hizi hutoa vitu viitwavyo homoni. Jina hilo lilitolewa mwaka 1905 na mtaalamu wa Uingereza, Ernest Starling, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kuchochea. Homoni ni kama tarishi. Hutumwa kutoka mahali pamoja, husafiri ndani ya damu, na kufikisha ujumbe mbali: kua, pumzika, toa maziwa, pevusha yai. Chini ya ubongo ipo tezi moja ndogo, kadiri ya punje ya njegere, nayo ndiyo mnyapara wa tezi nyingi nyingine.

Kwa mwanamke, matarishi wakubwa ni wawili, estrojeni na projesteroni. Kila mwezi hupanda na kushuka, na hedhi huja kwa amri yao. Wakati wa mimba hupanda sana. Mtoto akiisha kuzaliwa, huporomoka kwa siku chache tu. Ndiyo maana mama aliyejifungua salama aweza kulia bila kujua analia nini. Machozi hayo kwa kawaida hukauka kabla ya majuma mawili kupita. Yakizidi hapo, au mama akikataa chakula, au akimtazama mtoto wake kama mgeni, huo ni ugonjwa wenye dawa. Mpelekeni hospitali, wala msimwambie kwamba hana shukrani.

Kisha hufika umri wa Sara. Kwa wanawake wengi ni kati ya miaka 45 na 55. Hedhi huanza kuruka miezi, na ikikosa kuonekana kwa miezi 12 mfululizo, twasema imekoma. Estrojeni imepungua, na mwili mzima hupata habari. Sehemu ya ubongo inayopima joto huchanganyikiwa, hivyo mama hushikwa na fukuto la ghafla kifuani na usoni. Usiku wa Julai, wakati sisi wengine tunavuta blanketi, yeye analitupa, amelowa jasho. Usingizi unakatika. Asubuhi amechoka, amesahau alikoweka ufunguo, na neno dogo linamkasirisha. Hali hii yaweza kudumu miaka kadhaa. Tena mifupa huanza kupoteza nguvu kimyakimya, na tendo la ndoa laweza kuwa na maumivu kwa sababu ya ukavu.

Sasa, wasikilizaji, tusikilizane vizuri. Mama huyu aliyekosa usingizi anafungua mlango usiku wa manane ili apate hewa. Jirani anamwona amesimama uani peke yake. Ninyi mnajua ni neno gani hutembea kijijini kesho yake. Katika nchi hii yetu ya Wagusii, neno omorogi si mzaha. Mwezi wa Mei mwaka 2008, watu 11 waliteketezwa kwa moto huko Kisii kwa kusingiziwa uchawi, na wengi wao walikuwa wazee. Mwezi wa Oktoba mwaka 2021, huko Marani, akina mama wazee wanne waliuawa kwa masingizio hayo hayo. Hatusemi kwamba hao walikuwa na shida hii ya homoni. Wengi walikwisha kuupita umri huo siku nyingi. Twasema kwamba mahali ambapo mama mzee aweza kuuawa kwa neno la jirani, mama mwenye kukosa usingizi ataogopa kusema kwamba halali. Ataogopa hata kufungua mlango wake. Na mtu anayeficha ugonjwa hatibiwi.

Mkumbukeni Hana. Alisimama mbele za Bwana akiomba kwa uchungu, midomo ikitikisika bila sauti. Kuhani Eli alimtazama midomo tu, akaona kwamba amelewa. Hakumuuliza, alihukumu. Lakini Hana alipojieleza, Eli alisikiliza, akageuza neno lake likawa baraka. Ee mzee wa kanisa, nawe uliye mume, kabla hujasema kwamba mkeo amebadilika tabia, muulize: Je, unalala? Je, mwili unakuwaje? Huenda swali hilo moja likaokoa nyumba yako.

Tena si kila uchovu ni uzee. Iko tezi nyingine shingoni, nayo huhitaji madini ya joto ili itengeneze homoni yake. Yakikosekana, tezi huvimba, ndiyo rovu ambalo wazee wetu walilijua, na mwanamke hupatwa nalo kuliko mwanamume. Kwa sababu hiyo sheria ya Kenya, tangu mwaka 1978, imeagiza chumvi ya kupikia itiwe madini hayo. Ifunikeni chumvi vizuri, isikae karibu na moto. Mama anayeona baridi sana, aliyenenepa bila kula zaidi, mwenye uchovu usiokwisha, na apimwe damu. Huenda ni tezi hiyo, na dawa yake ipo.

Je, mama wa umri wa Sara afanye nini? Kwanza, ajue kwamba hakurogwa wala hakulaaniwa. Pili, aitunze mifupa yake. Chinsaga iliyopikwa kwa maziwa, ile tuliyozoea kumpa mama aliyejifungua, inamfaa na yeye pia. Hali kadhalika omena wa ziwani, maana hao huliwa pamoja na mifupa yao. Kutembea kwa miguu milimani humu ni faida. Chai ya moto sana jioni yaweza kuamsha fukuto, basi na aiache ipoe kwanza. Tatu, hali ikimzidi, aende kwa daktari. Ziko dawa za homoni. Mwaka 2002 uchunguzi mkubwa huko Marekani uliwatia watu hofu juu yake, kwa habari za saratani ya matiti na kuganda kwa damu. Uchunguzi uliofuata umeonyesha kwamba kwa wengi walio chini ya miaka 60 wenye taabu kubwa, faida yaweza kuzidi hatari. Lakini si za kila mtu. Aliyewahi kuwa na saratani ya matiti au damu kuganda sharti amwambie daktari. Na mwenye mfuko wa uzazi hapewi estrojeni peke yake, kwa maana yaweza kuleta saratani humo. Basi msinunue vidonge vya namna hii sokoni, wala msiazime vya jirani.

Neno moja zaidi, nalo ni zito. Hedhi ikiisha kukoma, kisha damu ikaonekana tena, hata tone moja, msiseme kwamba ujana umerudi. Hiyo ni dalili ya kupimwa upesi, maana yaweza kuwa saratani, na ikigunduliwa mapema hutibika vizuri zaidi. Yule mwanamke wa Marko 5 alitokwa na damu miaka 12. Alimaliza mali yake yote kwa waganga, na hali ikazidi kuwa mbaya. Alimjia Yesu kwa siri, kutoka nyuma, kama wanavyofanya wengi hata leo. Bwana angeweza kumwacha aende zake akiwa mzima. Hakufanya hivyo. Alisimama, akangoja, naye akamweleza kweli yote mbele ya watu. Yesu hakumkemea, bali alimwita binti.

Basi, ndugu zetu wa Magwagwa, wa Ikonge, na popote mnapotusikia, kanisa liwe mahali ambapo mama aweza kusema kweli yote asiaibishwe. Viongozi wa akina mama, mwalikeni muuguzi kwenye mkutano wenu. Wanaume, mpeni mkeo nauli ya hospitali kabla hajaiomba. Vijana, mkimwona magokoro amesimama nje usiku, mwendeeni kwa salamu, mmuulize kama anahitaji maji.

Tuombe. Ee Bwana, wewe uliyeusikia moyo wa Sara na machozi ya Hana, wape mama zetu afya na usingizi. Utupe sisi masikio ya kusikia kabla ya midomo ya kuhukumu. Uilinde mikono ya vijana wetu isimwage damu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.